Fomu Haina Pambizo

Nianze kwa kukiri kosa, maana makelele nitakayopiga humu yatawagusa watu wengi na sipendi nionekane nimeshuka kutoka mbinguni. Likizo ya Juni iliyopita mimi mwenyewe, mwalimu wa Kiswahili, mkazi wa Ipuli hapa Manispaa ya Tabora, nilikaa chini ya mwembe na kishikwambi mapajani nikatengeneza fomu ya kukusanyia insha za Kidato cha Tatu. Nilitumia Google Forms. Dakika ishirini tu, kazi imekwisha. Nikaweka sehemu ya jina, mkondo, namba ya simu ya mzazi, halafu visanduku vitatu: Utangulizi. Kiini. Hitimisho. Kila kisanduku nikakiwekea kikomo cha herufi 500, ili wasinichoshe. Mada: "Likizo yangu." Nikarusha kiungo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, nikaenda zangu kula.

Kundi likachangamka. Mzazi mmoja akauliza, "Mwalimu, hapo kwenye jina naandika la kwangu au la mtoto?" Mwingine akasema kiungo hakifunguki, simu yake imejaa. Mwingine akatuma alama ya dole gumba, basi, na mpaka leo sijui kama mwanawe aliwahi kuiona hiyo kazi. Mimi nikawa najibu kwa ujumbe ule ule: "Wazazi, twende na wakati."

Siku ya nne, jioni, nikasikia hodi. Binti mmoja wa darasa langu, kavaa kanga ya mama yake, kashika daftari lililovishwa jalada la gazeti.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, karibu."

"Mwalimu, insha yangu hii hapa. Simu ya mama anashinda nayo sokoni, anarudi nayo usiku chaji imekwisha. Na ile fomu inakataa, inasema nimezidisha."

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu: "Punguza. Kila mtu anapitia kwenye fomu. Sitaki upendeleo." Akasema, "Sawa mwalimu," akaondoka na daftari lake. Nilijiona mtu wa haki kabisa.

Baada ya siku mbili jibu lake likaingia kwenye jedwali langu, mstari wa 31. Utangulizi: "Likizo hii nilikwenda kumtembelea babu yangu Urambo." Kiini: "Babu yangu analima tumbaku. Tulikwenda sokoni kuuza tumbaku. Pia nilimsaidia bibi kazi za nyumbani." Hitimisho: "Likizo yangu ilikuwa nzuri na nilifurahi Santa." Ndiyo, Santa. Simu ya mama haijui Kiswahili, ikaona "sana" ni kosa la kuandika ikarekebisha. Nikampa saba kwa kumi. Nilimkata alama kwa ajili ya huyo Santa.

Shule ilipofunguliwa Julai nilikusanya madaftari kukagua kazi za ngeli. Nikafungua la binti yule, nikakuta kurasa saba ambazo hazikuwa za ngeli.

Sitazinukuu, ni zake. Nitasema tu yaliyomo. Mlikuwa na harufu ya bani, jinsi inavyoshika kwenye blanketi hata wiki tatu baada ya tumbaku kutolewa. Mlikuwa na bibi anayefunga majani mafungu mafungu huku anasinzia, mikono inaendelea yenyewe. Mlikuwa na siku ya soko kwenye chama cha msingi: babu kavaa koti, marobota yamepangwa, mteuzi anapita, anachomoa jani, anatazama, anataja daraja na kusogea kwenye robota linalofuata kabla babu hajamaliza kusema analotaka kusema. Halafu mlikuwa na njia ya kurudi nyumbani, babu na mjukuu juu ya baiskeli moja. Babu hakusema neno mpaka walipofika kwenye kijito, akasimama kunawa uso, na mjukuu akajua kwamba hanawi vumbi.

Binti wa miaka kumi na saba aliandika hayo kwa kalamu ya bluu, kwa makosa ya tahajia kumi na mawili. Nami nilikuwa nimepokea kwamba babu analima tumbaku.

Tazameni kitu kimoja. Hata zile herufi 500 hakuzifikia. Angeweza kuandika mara tano ya alivyoandika na fomu isingelalamika. Mtu akikatwa mara moja, mara ya pili hujikata mwenyewe. Alielewa ninachotaka: nataka kitu kifupi, kisicho na matata, chenye pande tatu. Akanipa.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na naisema wazi ili anayetaka kugomba agombe nayo: fomu ya mtandaoni si chombo cha kukusanyia insha. Si kwa sababu ya intaneti, si kwa sababu ya umaskini, ingawa hayo nayo yana sehemu yake. Ni kwa sababu fomu huja ikiwa imeshaamua jibu lina umbo gani, na insha ni ile kazi moja ambayo mwanafunzi anatakiwa aamue umbo mwenyewe. Ukishampangia pa kuanzia, pa kupita na pa kuishia, umeshamwandikia insha. Yeye kilichobaki ni kujaza.

Nisieleweke vibaya. Fomu ni kitu kizuri kwenye kazi yake. Hivi vishikwambi tulivyonavyo walimu vilitumika kwanza kwenye Sensa ya Agosti 2022, ndipo Serikali ikavigawa kwetu. Kwenye sensa fomu ilifanya kazi tukufu: iliuliza kila kaya maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, mwisho tukajua kwamba tuko watu 61,741,120. Hapo usawa wa visanduku ndio uaminifu wenyewe. Karani wa sensa akianza kusikiliza habari za babu na bani, nchi haitahesabika. Ila karani wa sensa alikuja kwangu kutafuta namba. Mwalimu wa insha anakuja kutafuta nini? Kama naye anatafuta namba, basi aseme, tuache kudanganyana kwamba tunafundisha utungaji.

Na tumekuwa tukidanganyana muda mrefu. Wanafunzi wangu wengi wamepitia mtihani wa darasa la saba uliobadilika mwaka 2012, pale Baraza la Mitihani lilipoanza kusahihisha kwa kompyuta na watoto wakajifunza kitenzi kipya cha maisha: kusiliba. Kwenye Kiswahili kulikuwa na sehemu iliyoitwa utungaji. Mtoto anapewa sentensi zilizovurugwa, yeye anazipa herufi, A, B, C, D, zikae kwa mtiririko. Haandiki hata sentensi moja. Mtu angeweza kupata alama zote za utungaji bila kutunga chochote. Mimi sishangai tena nikipata kijana wa kidato cha kwanza anayeniuliza, "Mwalimu, insha ina maswali mangapi?" Amelelewa hivyo. Kinachonisumbua ni kwamba tukishampata sekondari, mahali pekee ambapo angeweza kuponywa, tunamrudishia visanduku vile vile, safari hii kwenye kioo.

Tabia hii tuliizoea mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi, zikafunguliwa zote mwisho wa Juni, na katikati hapo kila mwalimu mwenye bando alijiokoa alivyoweza: sauti za WhatsApp, picha za ubao, viungo vya fomu. Sikulaumu. Nyumba ikiungua unatoka na kilicho karibu. Ila moto ulishazimika zamani, bado tumekaa uani na vyombo vilivyotapakaa, tunasema ndiyo nyumba mpya.

Wapenzi wa fasihi mnaosoma humu, mnamkumbuka Shaaban Robert alifanya kazi gani ya kumlisha. Karani wa serikali. Alianzia forodha mwaka 1926. Sasa karani wa forodha kazi yake ni nini kama si fomu? Mzigo gani, umetoka wapi, unakwenda wapi, ushuru kiasi gani, saini. Miaka na miaka. Na ni mtu huyo huyo aliyetuachia Kielezo cha Insha. Kama kuna mtu katika lugha hii aliyejua mipaka ya fomu na mipaka ya insha, ni yeye. Alikuwa na kila sababu ya kuandika insha kama anajaza hati ya mzigo, na hakufanya hivyo. Sisi ndio tumeigeuza: tumechukua insha, tukaipeleka forodhani.

Au tusiende mbali, tubaki hapa hapa kwetu. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Kila karatasi iliyofika Unyanyembe enzi hizo ilibebwa kichwani na mpagazi kutoka pwani, miezi kadhaa kwa miguu. Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Mwaka mmoja kabla ya hapo, akiwa Nyangwe ng'ambo ya Tanganyika, karatasi zilimwishia na wino ukamwishia. Akachukua gazeti kuukuu, akatengeneza wino wa mimea, akaandika juu ya maneno yaliyochapwa, akikatiza mistari ya watu wengine. Humo aliandika alichokiona kwa macho yake pale Nyangwe Julai 1871, watu wakipigwa risasi sokoni. Wino ukafifia, na mpaka mwaka 2011 ndipo wataalamu walipoweza kuyasoma tena vizuri kwa kupiga picha kwa mwanga maalumu. Simsifu Mzungu hapa. Nasema mwenye ushahidi huandika hata juu ya maneno ya mwingine, na karatasi humvumilia. Fomu haimvumilii. Fomu inamwambia kwa rangi nyekundu: umezidisha.

Aliyepita njia hiyo hiyo na bunduki zake, na pembe zake, na watumwa wake, ni Tippu Tip. Hakuwa mtu mwema, sina haja ya kumpamba. Lakini alipozeeka akaandika maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu tunakijua mpaka leo kwa jina refu linaloishia na "kwa maneno yake mwenyewe". Maneno hayo manne ndiyo mtaala mzima wa insha. Mfanyabiashara ya watumwa alipata nafasi ya kusema kwa maneno yake mwenyewe. Mjukuu wa mkulima wa tumbaku wa Urambo nimemnyima mimi.

Sasa niseme kuhusu pambizo, maana hapo ndipo mwalimu anapoumia bila kujua.

Daftari lina pambizo. Ule mstari mwekundu wa kushoto si urembo. Ni mahali mwalimu na mwanafunzi wanapokutana. Napiga mstari chini ya neno moja, naandika pembeni: "Kwa nini alinyamaza?" Au: "Hapa umeniacha njiani." Au alama ya vema tu, kubwa, kwa sentensi iliyonishtua. Mwanafunzi akirudishiwa daftari hatazami jumla kwanza, msidanganyike. Anatafuta pembeni nimeandika nini. Na mimi naona vya kwake: neno alilokata, akaandika jingine juu, akalikata nalo, akalirudia la kwanza. Kukata kule ndiko kufikiri. Kwenye fomu kunafutika. Inabaki sentensi safi isiyo na historia.

Wataniambia fomu nayo ina sehemu ya kuandika maoni. Ninayo, nimeitumia. Ipo chini ya jibu zima, kama sanduku la maoni la ofisi ya umma. Huwezi kugusa neno. Na insha yenyewe unaisomea wapi? Kwenye seli ya jedwali, imebanwa kati ya namba ya simu ya mzazi na saa iliyotumwa, unasogeza kwa kidole kushoto, kulia, unapotea mstari. Nilisahihisha insha 83 kwa saa mbili na nusu. Nilijisifu kwenye ofisi ya walimu. Leo naona aibu, kwa sababu hesabu ni nyepesi: chini ya dakika mbili kila mtoto. Hata yule mteuzi wa tumbaku anachomoa jani.

Watu watasema nisikilize upande wa pili. Nimeusikiliza, nimekaa nao kwenye kikao. Kuna mwenzangu alisimama akasema, "Bwana, darasa lina wanafunzi themanini na kitu, mikondo miwili, nani atasoma madaftari yote hayo?" Swali la haki. Jibu langu: hakuna. Hata kwenye fomu hakuna anayesoma, tofauti ni kwamba fomu inatuficha. Afadhali nisome insha ishirini kwa wiki, kwa zamu, kwa kalamu nyekundu na akili timamu, kila mtoto asomwe kweli mara mbili kwa muhula, kuliko visanduku 249 vilivyopitiwa kwa kidole. Ukweli mdogo unafundisha kuliko uwongo mkubwa.

Mwingine alisema fomu inazuia kunakili. Jamani! Kwenye fomu yangu majibu sita yalikuwa na sentensi ile ile yenye kosa lile lile, "nilifuraia sana kuwaona ndugu". Kunakili daftari la mwenzako angalau kunakulazimu uandike kwa mkono, maneno yapite mwilini. Kwenye simu unabonyeza mara mbili. Na mawili matatu yalikuja yakiwa yamenyooka mno, yanamalizia kwa "ni muhimu kutambua kwamba". Mtoto gani wa Ipuli anatambua kwamba? Hiyo ni akili mnemba. Nayo inapenda sana visanduku. Ukiipa Utangulizi, Kiini na Hitimisho umeikaribisha sebuleni.

Hoja niliyoishindwa ni moja, naikubali. Yupo mwanafunzi asiyeona vizuri, simu inamsomea na yeye anaiandikia kwa kusema. Kwake kioo ni ukombozi, na mwalimu atakayemlazimisha daftari kwa jina la pambizo atakuwa mjinga kama nilivyokuwa mimi kwa jina la usawa. Huyo apewe kioo, lakini apewe ukurasa mtupu. Si visanduku vitatu.

Na ile habari ya usawa niimalizie. Nilimwambia binti "sitaki upendeleo". Kanuni zetu wenyewe zinakataza mwanafunzi kuwa na simu shuleni. Halafu likizo inafika tunamwambia kazi yote iko kwenye simu. Simu ya nani? Ya mama, ambayo ni duka lake, benki yake na redio yake. Bando la nani? Mwenye baba mwenye kompyuta alijaza fomu yangu mezani, kwa vidole kumi. Mwenye mama sokoni alijaza usiku, chaji asilimia sita, akipunguza maneno. Wote nikawapa kikomo kimoja nikaita haki.

Nimeamua hivi, na mwalimu anayetaka aige. Fomu nitaitumia kwa majina, kwa vipimo vya sare, kwa kuuliza nani anakuja kwenye mahafali. Insha zitaandikwa kwenye daftari. Aliye mbali na anayeweza, apige picha kurasa zake anitumie. Nitasoma mwandiko wake hata ukiwa kama nyayo za kuku. Asiyeweza, alete shule ikifunguliwa, na hatakatwa alama. Mada sitagawa pande tatu. Na kila wiki insha moja itasomwa darasani kwa sauti, na mwenyewe aliyeiandika, akikubali.

Kwa binti yule nilifuta saba. Sikuandika alama nyingine. Nilikaa na kurasa zake jioni nzima, nikapiga mstari chini ya makosa yale kumi na mawili, maana kumpenda mwanafunzi si kumwachia tahajia. Pale kwenye kijito, pambizoni, niliandika: "Ulimwambia nini babu baada ya hapo?"

Kesho yake akaja ofisini na daftari. Alikuwa ameandika kurasa nyingine nne. Nilimwomba radhi, akacheka kidogo kwa aibu, akatazama chini. Kisha akauliza kama muhula ujao fomu itakuwepo tena, ili ajue mapema aandike kwa urefu gani.